Mgeni Njoo, Lakini Vua Viatu

Tangu tuliporejea kutoka ziara ya Pwani, chama chetu cha Kiswahili kimegawanyika makundi matatu, na kila kundi linavutia kwake kama wavuta kamba siku ya michezo. Chanzo cha mtafaruku wenyewe si mpira wala si siasa. Ni swali hili: je, inafaa Mkristo aingie msikitini, au Mwislamu aingie kanisani, si kwa kuabudu bali kwa kuangalia tu, kisha moyo umwende mbio kwa yale aliyoyaona? Wako wanaosema ati hilo ni kosa, kwamba ukianza kuistaajabia nyumba ya ibada isiyo yako basi umekwisha kuteleza. Wako wanaosema hakuna cha kustaajabia pale, mawe ni mawe, na nauli ile ingalinunulia maktaba yetu vitabu. Na wako wale waliopiga picha hadi simu zikazima, wakala mabuyu, wakalala njia nzima ya kurudi, na mpaka leo hawana habari kuwa kuna swali. Mimi si wa kundi lolote kati ya hayo. Kwa kuwa mhariri amenipa kurasa hizi, ndugu msomaji, nivumilie nikueleze kwa nini.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Katika mdahalo wetu watu walikuwa wakirushiana maneno "hofu", "mshangao" na "heshima" kana kwamba yote ni mamoja, na hapo ndipo kutoelewana kulipoanzia. Mshangao ni wa mara moja: unamwona kima akimnyakulia mwalimu ndizi, unashangaa, unacheka, yamekwisha. Hofu hukutimua mbio. Heshima nayo unaweza kuionyesha hata kama moyoni huna lolote, kama tunavyosimama wima gwarideni huku mawazo yako kwenye githeri. Lakini Kiswahili kina neno jingine ambalo siku hizi ni nadra kusikika midomoni mwetu, nalo ni kicho. Limetokana na kitenzi kucha, yaani kuogopa kwa unyenyekevu, na ndimo tulimopata "mcha Mungu". Kicho ni ile hali ya mtu kuogopa na papo hapo asitake kuondoka. Anajiona mdogo, wala hakereki kuwa mdogo. Sauti hujishusha yenyewe bila ya kuambiwa na mtu. Hicho ndicho ninachokizungumzia, na ninaamini kila mwenye macho anaweza kukipata mahali patakatifu pa watu wengine bila ya kuacha pake.

Sasa nije kwa wale wanaoona kwamba ni dhambi. Msikiti mmoja tulioingia katika Mji wa Kale wa Mombasa ulikuwa na mzee mtunzaji, naye alitupokea kwa maneno machache: "Karibuni wanangu. Viatu hapo mlangoni." Basi. Hakutuhubiria, wala hakutuuliza dini zetu. Mwenzetu mmoja hakuingia. Alisema imani yake haimruhusu, akakaa kwenye baraza ya nyumba ya jirani akatungoja. Baadhi ya wenzetu walimcheka wakamwita mshamba. Mimi sikucheka, wala sitacheka. Mtu anayekataa kuvuka kizingiti kwa sababu ya imani yake amekubali kwamba kizingiti kile kina uzito. Kwa maoni yangu alikuwa na kicho kingi kuliko yule aliyeingia akitafuna chingamu.

Hata hivyo sikubaliani naye. Kuinamisha kichwa mbele ya kazi iliyofanywa kwa ajili ya Mungu si sawa na kubadili dini. Tarehe 15 Aprili 2019 kanisa kuu la Notre-Dame la Paris liliposhika moto, watu walijaa kandokando ya mto Seine wakilia. Ufaransa ni nchi yenye watu wengi ambao hawaendi kanisani kabisa. Waliolia usiku ule hawakuwa wote Wakatoliki, na sidhani kesho yake waliamka wakawa Wakatoliki. Walililia kitu kilichokuwa kikubwa kuliko wao, kilichokuwapo kabla ya wao, na ambacho walidhani kitakuwapo baada yao. Kanisa lile lilifunguliwa tena Desemba 2024, na wageni wanaolizuru si Wakatoliki watupu. Je, wote hao wameteleza?

Tena kuna jambo ambalo wanaoshika msimamo huu hawalitaji. Aliyejenga jengo la namna ile alikusudia umwone Mungu kuwa mkubwa na wewe ujione mdogo. Hakuweka masharti kwamba lazima uwe wa dhehebu lake ndipo dari iwe juu. Dari iko juu kwa kila anayeinua macho. Ukiingia ukahisi kitu, jengo limefanya kazi yake. Na ukiingia usihisi kitu, huenda hujafika bado, hata kama miguu yako imefika.

Hebu tuchukue mfano wa Gede, maana wengi wetu tumefika, na maana ni yetu. Gede ni mji wa Waswahili uliozungukwa na ukuta, kati ya Watamu na Malindi. Ulistawi sana katika karne ya 15, na kufikia katikati ya karne ya 17 ulikuwa umehamwa. Msitu ukaufunika. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948. Alikuta vyombo vya kauri kutoka Uchina, visima, nyumba za kifahari zenye vyoo ndani, na Msikiti Mkuu. Kuna kaburi lililochongwa tarehe, mwaka 802 wa Hijria, ambao ni sawa na 1399. Ajabu ni kwamba Wareno walikaa Malindi, karibu kabisa na hapo, lakini katika maandishi yao mji huu hautajwi. Julai 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ukisimama ndani ya ule msikiti leo huna paa juu yako. Kuna matawi na kima. Lakini visiki vya nguzo viko, safu tatu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kicho si cha mambo usiyoyaelewa tu. Wengine hudhani ukieleza jinsi kitu kilivyotengenezwa utakiondolea utukufu wake. La hasha! Mimi nilipoelezwa ndipo niliposhikwa.

Sikiliza mambo yalivyokuwa. Mafundi wa Pwani walikuwa na aina mbili za mawe ya matumbawe. Kuna yale magumu ya nchi kavu, ya kuinulia kuta. Na kuna yale laini ambayo wapiga mbizi waliyakata baharini yangali mabichi. Jiwe likitolewa majini huchongeka kama muhogo, lakini likikauka huwa gumu. Kwa hiyo fundi wa mihrabu alikuwa akishindana na jua, achonge nakshi zake zote kabla ya jiwe kumkatalia. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la kuni, kisha ikaachwa kwa miezi ipoe na kukolea. Paa lilikuwa zito, la mawe na chokaa, likibebwa na boriti za mikoko. Na mkoko, ndugu msomaji, haukui upendavyo. Urefu wa boriti imara ndio uliopanga upana wa chumba cha Mswahili, na ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba, upana wake ni mita 3 hivi au pungufu. Ukitaka ukumbi mpana wa kusalia watu wengi, huna budi kupanda nguzo katikati. Katika msikiti wa Gede safu ya nguzo ya kati inasimama sawa na mihrabu, hata waliokuwa nyuma hawakuiona vizuri. Mtu asiyejua atasema fundi alikosea hesabu. Hakukosea. Alikuwa na mkoko wa urefu ule na umma wa idadi ile, akafanya lililowezekana.

Tulipoelezwa hayo, mmoja wetu aliyekuwa akipiga kelele tangu Mtwapa alinyamaza. Akapima kwa hatua kutoka kisiki hadi kisiki, akarudia. Sijui aliwaza nini na sikumuuliza.

Kilwa Kisiwani, upande wa Tanzania, walipiga hatua nyingine. Msikiti Mkuu wa pale ulianza katika karne ya 11 na kupanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Sehemu iliyoongezwa iliezekwa kwa kuba na matao badala ya dari bapa. Ibn Battuta alifika mjini humo mwaka 1331 akausifu uzuri wake. Na kule Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na hadi leo watu husali humo. Jamani, 1107! Tunafundishwa kutoa macho kwa makanisa ya Ulaya kwenye kalenda za ukutani, na si vibaya, ni mazuri kweli. Lakini ni wangapi kati yetu wangeweza kuitaja Kizimkazi kabla ya leo? Ni wangapi wanajua kwamba huko Lalibela, Ethiopia, yapo makanisa 11 ambayo hayakujengwa bali yalichongwa mwambani kwenda chini, na kwamba waumini wangali wakiyajaza kila Krismasi yao ifikapo Januari?

Kundi la pili la wapinzani wangu ndilo linalonipa taabu kidogo, maana nusu ya hoja yao naikubali. Wanasema: majengo haya makubwa ni fahari ya wenye mali. Maskini alibeba mawe, tajiri akaandikwa jina. Ni kweli. Msikiti wa Kilwa usingepata kuba bila ya dhahabu ya Sofala iliyopitia mikononi mwa matajiri wa mji ule. Na si mambo ya kale tu. Kule Yamoussoukro nchini Kodivaa, Rais Félix Houphouët-Boigny alijenga basilika kubwa ajabu katika mji wake wa kuzaliwa, Papa Yohane Paulo wa Pili akaja kuliweka wakfu mwaka 1990, wakati ambapo nchi yenyewe ilikuwa imeelemewa na madeni. Nikiitazama picha yake nashindwa kujua nisifu au nisikitike.

Lakini hoja hiyo haiondoi kicho, inakiongezea tu mtu wa pili wa kukumbukwa. Kama ni kweli kwamba maskini ndiye aliyebeba mawe, basi mkono wake ndio uliomo ukutani, si wa sultani. Ukisema "mawe ni mawe" umemfuta yule yule unayedai kumtetea. Na habari ya vitabu vya maktaba, mimi nami navitaka. Ila kitabu cha historia nilikuwa nimekisoma kabla ya kwenda Gede, nikakariri tarehe, nikapata alama zangu, na sikuwahi kukosa usingizi kwa ajili yake.

Sasa kundi la tatu. Hawa hawana hoja, kwa hiyo nitasema nao bila ya kuzungukazunguka. Kuna gofu moja, sitalitaja, ambalo mihrabu yake imekwaruzwa majina kwa misumari: fulani anampenda fulani, shule fulani ilifika hapa, mwaka fulani. Fundi alishindana na jua ili achonge ua moja, kisha mtoto wa shule na karo yake imelipwa anakuja kulitoboa jicho. Huu ni ushenzi, na sina neno la kupunguzia makali. Tena wengine hushika kamera wakawaelekezea watu wanaosali. Hebu fikiri: umepiga magoti, una shida zako na Mola wako, mama yako yu mgonjwa, unafumbua macho unamkuta mtu wa kigeni amevaa kaptura anakupiga picha kana kwamba wewe ni twiga wa Tsavo. Ungemkaribisha tena?

Msione ajabu basi kwamba mahali pengine wenyeji wamechoka. Hagia Sophia ya Istanbul ilijengwa kuwa kanisa, ikamalizika mwaka 537. Ikafanywa msikiti 1453. Ikafunguliwa kuwa makumbusho 1935, na 2020 ikarudishwa kuwa msikiti. Tangu Januari 2024 watalii wa kigeni hulipa kiingilio na kupandishwa ghorofa ya juu, chini wakaachiwa wanaosali. Wapo waliolalamika sana kuhusu hatua hizo zote, na kuhusu ile ya 2020 hasa, Wakristo wengi walikuwa na uchungu ambao siwezi kuudharau. Lakini lile la kumwambia mtalii akae kando wakati wa sala, mimi siku zote nitaliunga mkono. Nyumba ya ibada yenye waumini ina wenyewe. Wewe mgeni umepewa dirisha, na dirisha si mlango.

Wa kulaumiwa vilevile ni sisi tunaopanga ziara. Siku ile tulizuru mahali patano kati ya asubuhi na magharibi. Patano! Tulikuwa kama wagawa barua. Unashuka basini, unahesabiwa, mwongozaji anamwaga tarehe kama mvua ya masika, unahesabiwa tena, unapanda. Kicho hakiji kwa mbio. Kinataka mtu akae, apoe, asikie unyevunyevu wa ukuta, aone mwanga ukihama kutoka nguzo moja hadi nyingine. Kwa ziara ijayo nimependekeza mahali pawili tu, na kila mahali nusu saa nzima bila ya mwongozaji kusema, bila ya simu, bila ya mwalimu kuhesabu. Wapo walionitazama kama niliyeambia watu wafunge saumu. Afadhali hivyo.

Kabla sijafika kwenye jengo lililonishinda, niseme kidogo juu ya kaya, nisije nikaonekana kama mtu anayedhani Mungu anataka chokaa. Misitu ya Kaya ya Wamijikenda, ambayo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, haina kuba wala mnara. Ina miti, makaburi na njia nyembamba. Kaya Kinondo huko Kwale hupokea wageni, na mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, akaelezwa kwamba hapa hapang'olewi hata jani. Hakuna aliyeinua dari pale, lakini sauti za watu hushuka vilevile. Nimeitaja kwa sababu wale wenzetu wanaoogopa msikiti wa jirani ndio hao hao wanaocheka kaya na kuiita ushirikina, na wakipelekwa Paris watavua kofia mlangoni bila ya kuambiwa. Hapo wamekichia nini, kama si kalenda ya ukutani?

Jengo lililonishinda ni Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja. Nilifika huko na jamaa zangu wakati wa likizo. Hapo palikuwa na soko la watumwa. Juni 1873 Sultani Barghash, akishurutishwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule Wamisheni wa UMCA waliweka jiwe la msingi la kanisa katika uwanja wa soko. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, na sisi wa chama cha Kiswahili tunapaswa kumjua, maana ndiye yule aliyechapisha sarufi ya Kiswahili na mkusanyo wa hadithi za Unguja mwaka 1870, na kutafsiri sehemu kubwa ya Biblia. Alifariki 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Ukiingia, unaona paa refu lililopinda kama pipa, na madirisha yenye mwanga wa rangi. Ni zuri. Halafu unaonyeshwa sakafu mbele ya madhabahu, duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Hapo, husimuliwa, ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa wakachapwa viboko, ili mnunuzi aone nani atastahimili. Ukutani kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, nchini Zambia ya leo, ambao chini yake Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wa David Livingstone, naye alifariki mwaka huo huo wa 1873, kabla ya kubeba maiti yake hadi Bagamoyo.

Nilisimama pale nikahisi kile kile nilichokihisi Gede, ila safari hii kilikuwa na kwikwi ndani yake. Nikajiuliza: ni halali kuona uzuri hapa? Dada mmoja katika kundi la wageni wengine alisema kwa hasira kwamba afadhali pangeachwa uwanja mtupu, kwamba kanisa limewekwa pale kama kitambaa kizuri juu ya kidonda. Mwingine akamjibu kwamba pangeachwa mtupu leo pangekuwa na hoteli. Wote wawili wanasema kweli. Mimi naona heri kanisa, kwa sababu lile duara linamlazimisha kila anayekuja kula komunyo apige magoti mahali ambapo mtu mwingine alipigishwa magoti. Sijui jengo jingine linalofanya hivyo.

Lakini kicho kisitulevye. Wageni hutoka pale wakiamini kwamba jiwe la msingi lilipowekwa, utumwa uliisha. Haukuisha. Kilichopigwa marufuku 1873 ni soko na usafirishaji wa baharini. Watu waliendelea kumilikiwa na kulimishwa mashamba ya karafuu wakati kengele za kanisa lile zikilia. Sheria ya kuufuta utumwa Unguja ilitoka 1897, miaka 24 baada ya ile Krismasi. Kwetu huku, ukanda wa Pwani ya Kenya, ilingojwa hadi 1907. Hata vile vyumba vya chini vilivyo jirani, ambavyo watalii huinamishwa waingie wakiambiwa watumwa walifungiwa humo, kuna wanahistoria wanaotilia shaka kama vilikuwapo wakati wa soko. Nje ya kanisa kuna sanamu za watu 5 ndani ya shimo, minyororo shingoni, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs wa Sweden ya mwaka 1998. Minyororo ile si ya kuigiza, ni ya kweli. Nilimwona mtu akijipiga picha mbele yake akitabasamu.

Na ndani kuna kichekesho kimoja ambacho kila mwongozaji hukipenda: karibu na mlango kuna nguzo fupi ambazo zimesimamishwa kichwa chini miguu juu. Inasemekana mafundi waliziweka hivyo askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaamua ziachwe zilivyo. Watu hucheka, na hakuna ubaya. Ningependa tu mwongozaji autaje ule mwaka 1897 pale kwenye duara, kabla hajatupeleka kwenye nguzo.